Nikipiga mswaki natoka damu, na mimba ina miezi mitano

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 26, naishi kijijini huku wilaya ya Tandahimba. Mimba yangu ya pili imefika wiki ya 22 kwa hesabu ya nesi wa kliniki. Mume wangu ni mkulima wa korosho na tunakaa ua mmoja na mama mkwe, mtu mwema, sina kesi naye.

Shida yangu ni kinywa. Ilianza mimba ikiwa na miezi mitatu. Nikipiga mswaki natema mate mekundu. Nilidhani mswaki ni mgumu, nikanunua mwingine, mambo yakawa yale yale. Siku moja nimeinama nyuma ya nyumba nasukutua, mwanangu wa miaka mitatu akaona damu kwenye mchanga, akakimbia kwa bibi yake analia kwamba mama anakufa. Toka siku ile mswaki nimeuweka juu ya dirisha. Huu mwezi na zaidi nasukutua kwa maji ya chumvi tu. Lakini damu ndiyo imezidi. Natoka hata nikitafuna muhogo, na asubuhi mto una doa. Kinywa kinanuka mpaka nikiongea na watu najiziba kwa ncha ya kanga.

Wiki iliyopita nikaona kinyama kimeota katikati ya meno mawili ya mbele, juu. Chekundu, ukubwa wa punje ya mbaazi. Hakiumi, ila kikiguswa tu kinatoa damu. Sijamwonyesha mtu. Naogopa ni kansa.

Halafu gego la chini kulia lina tundu, usiku halinipi usingizi. Duka la dawa waliniuzia diklofenaki, nimemeza siku mbili. Nikaenda kituo kimoja cha afya. Aliyekuwa chumba cha meno hakuangalia hata kinywani, alipoona tumbo akasema, "Mjamzito hatumgusi, njoo ukishajifungua." Mimba ya kwanza niliambiwa hivyo hivyo kwingine. Nikasubiri, na nilipojifungua jino lilikuwa limebaki gamba, likang'olewa mtoto ana miezi miwili. Mama mkwe anasema nisishangae, kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake. Yeye kazaa watano na mapengo yake ni matano, nimehesabu.

La mwisho nalisema kwa aibu. Nakula udongo wa pemba, vipande vitatu hadi vinne kwa siku, na embe bichi kwa chumvi kutwa nzima.

Nirudi tena hospitali, au nisubiri? Na hiyo sindano ya ganzi haitamdhuru mtoto?

Mama wa mtoto mmoja, Tandahimba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye mswaki uliowekwa dirishani. Tuanzie hapo. Ushushe leo, utumie jioni hii kabla ya kulala.

Ninajua unaona kama nakutuma ukachokoe kidonda. Sikiliza kwanza damu inatoka wapi. Pita kucha kwenye jino asubuhi kabla hujala, utakwangua kitu cheupe, laini, kinachonata. Huo ni ukoga, na umejaa vijidudu. Ukikaa kwenye mstari ambapo jino linakutana na fizi, fizi inavimba na kuwa nyekundu. Kila mtu ana ukoga, mimi na wewe na huyo aliyekufukuza. Ila mjamzito mwili wake unatengeneza homoni za estrojeni na projesteroni kwa wingi kuliko siku zake nyingine zote, na homoni hizo huifanya fizi ijae damu na iwe na hasira. Uchafu ambao mwaka jana fizi yako ingeuvumilia kimya kimya, mwaka huu inaupigia kelele. Zaidi ya nusu ya wajawazito hupata hali hii. Kwa kawaida huanza mwezi wa pili au wa tatu, huzidi kadiri tumbo linavyokua, na hupoa baada ya kujifungua ikiwa mama anasafisha kinywa.

Sasa wewe uliona damu ukaacha kusafisha. Ukoga ukaongezeka, fizi ikavimba zaidi, damu ikazidi, na ndiyo maana sasa inatoka hata kwa muhogo. Maji ya chumvi siyakatai. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu hutuliza fizi, mradi uteme usimeze. Lakini wewe unapika ugali. Umewahi kuona ukoko ukang'oka kwenye sufuria kwa kusuuza tu bila kusugua? Ukoga nao ni hivyo hivyo.

Tafuta mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo. Hata wa mtoto unafaa, na utakusaidia kama mswaki mkubwa unakutia kichefuchefu. Ulaze kidogo, nywele zake zielekee pale fizi inapoanzia, si katikati ya jino. Tikisa taratibu, hatua fupi fupi, meno mawili matatu kwa wakati, kisha sogea. Usisugue kama unaosha miguu. Wengi husafisha upande unaoonekana wakicheka, wakasahau upande wa ulimi, na huko ndiko uchafu hujificha. Dakika mbili, asubuhi na usiku. Dawa ya meno iwe na floridi. Angalia ubavuni mwa tyubu, namba ya floridi (huandikwa na herufi ppm) iwe kati ya 1000 na 1500. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, iache ile floridi ibaki kwenye meno. Najua huko juu kwenu maji ni ya kuhesabu ndoo. Kwa kazi hii kikombe kimoja kinabaki.

Kama una mswaki wa mti, ule wa wazee wetu, si vibaya, ila tafuna ncha mpaka ilainike na ufike nao mpaka nyuma, kisha usiku tumia wa dukani wenye dawa. Mkaa na mchanga achana navyo, vinakwangua jino lenyewe.

Siku tatu nne za kwanza damu itatoka, pengine kuliko ulivyozoea. Usiushushe mkono. Ndani ya wiki moja au mbili utaona imepungua. Na huyo mwanao aliyelia, muite apige mswaki pembeni yako, umwambie mama anafukuza wadudu. Ataacha kuogopa, na meno yake nayo yatapona humo humo.

Ukiwa bado unatapika asubuhi, usikimbilie mswaki hapo hapo. Matapishi yana asidi ya tumboni, yanalainisha ngozi ya nje ya jino, na ukisugua wakati huo unaimenya. Sukutua kwa maji matupu, subiri nusu saa au zaidi, ndipo upige mswaki. Embe bichi nayo ina asidi, na kuila kutwa nzima ni kama kutapika kutwa nzima kwa upande wa meno. Sikukatazi, na msimu huu wa maembe hata ningekukataza ungenicheka. Ila ukae chini, ule mara moja, umalize, usukutue. Hiyo ya kubeba kwenye ncha ya kanga na kuguguna kila ukikumbuka ndiyo inayoharibu. Soda na chai ya sukari nyingi ya kunywa kidogo kidogo ni hivyo hivyo.

Kinyama sasa. Kwa jinsi ulivyokieleza, kimeota katikati ya meno mawili, hakiumi, kinatoa damu kikiguswa, na kimekuja wakati wa mimba, sioni dalili ya kansa. Wataalamu wanakijua, ni uvimbe wa fizi wa wajawazito, huota pale penye ukoga, au ugaga, yaani ukoga uliokauka, ambapo fizi imekasirika kupita kiasi. Wengi wao husinyaa wenyewe mtoto akishazaliwa. Kwa kawaida hakikatwi wakati wa mimba, kwa sababu kikikatwa mapema hupenda kuota tena. Hukatwa kama kinavuja damu sana au kinakuzuia kula. Usikifunge uzi, usikichome, na yule jirani mwenye dawa ya majani mwambie asante. Lakini mimi nasoma barua, sioni kinywa. Mtu mwenye taa na kioo lazima akione, na kama miezi imepita baada ya kujifungua na bado kipo, rudi kikatolewe na kupimwa.

Gego ndilo lenye haraka kuliko yote uliyoandika, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Diklofenaki acha leo. Kuanzia wiki ya 20 dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kudhoofisha figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi ya mwisho zinaweza kubana mshipa mmoja wa damu karibu na moyo wake. Siku mbili ulizomeza zisikunyime usingizi. Mweleze nesi wako tu siku ya kliniki, aandike. Kwa maumivu tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku nzima. Usiweke kidonge wala mafuta ya karafuu juu ya fizi, inaungua. Na usiombe dawa za kuua vijidudu kwa kutaja rangi ya kidonge, jambo ninalolisikia kila siku kwenye dirisha la dawa. Amoksilini hutolewa kwa wajawazito ikihitajika, lakini tetrasaiklini na doksisaiklini hapana, kwa sababu huingia kwenye meno ya mtoto yanayojengwa sasa hivi tumboni na kuyatia rangi ya njano au kahawia. Ndiyo, meno yake yapo tayari. Huanza kuumbika karibu wiki ya 6, na mwezi wa 4 yanaanza kupokea madini.

Halafu yule aliyesema mjamzito haguswi. Miaka niliyofanya kazi ya ukunga nimelisikia neno hilo mpaka nikalichoka. Sitaki kumtukana mtu nisiyemwona, huenda alifundishwa hivyo, huenda aliogopa lawama mimba ikiharibika kwa sababu nyingine. Lakini si kweli. Jino bovu la mjamzito hutibiwa. Kusafishwa, kuzibwa, kung'olewa, vyote hufanyika. Ganzi ya kawaida ya meno, lidokaini, kwa kipimo cha jino moja haina madhara kwa mtoto. Picha ya jino ikihitajika mionzi yake ni kidogo mno. Kinachomhatarisha mtoto zaidi ni usaha unaokaa kwenye taya la mama wiki hadi wiki, na mama asiyekula wala kulala kwa maumivu. Wakati mzuri kuliko wote ni hapo ulipo, kati ya wiki ya 14 na ya 28, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Maumivu makali hayangoji wiki yoyote.

Marekani walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wajawazito 823 wenye ugonjwa wa fizi. Nusu walisafishwa fizi kabla ya wiki ya 21, nusu walisubiri hadi baada ya kujifungua. Waliosafishwa fizi zao zilipata nafuu na mimba zao hazikudhurika kwa matibabu. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kusafishwa hakukupunguza idadi ya watoto njiti, nami nakwambia hili makusudi, maana kuna watu watakutisha kwamba damu ya fizi italeta njiti. Nenda utibiwe kwa sababu unaumwa. Inatosha.

Anza hospitali ya wilaya, uliza Tabibu Meno yuko siku zipi kabla ya kupoteza nauli. Kama hayupo, au neno ni lile lile, omba karatasi ya rufaa uende Mtwara mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Chukua kadi ya kliniki. Usianze na kusema "nina mimba, samahani". Sema hivi: "Nina wiki 22, gego linaniuma usiku, fizi zinatoka damu, na kuna kinyama nataka kiangaliwe." Akikwambia subiri, muulize kwa upole aandike kwenye kadi kwamba umekuja na amekataa kwa sababu gani. Kalamu ikishikwa, mara nyingi na kiti kinapatikana. Gharama uliza dirishani kabla hujaingia, na mume wako asingoje malipo ya mnada wa korosho. Tundu la leo pengine linazibika, ukingoja miezi zaidi jino litang'olewa.

Kwenye kiti usikubali kulazwa chali kabisa. Tumbo likilalia mishipa mikubwa ya damu, mama huona kizunguzungu na jasho jembamba, na watu wakadhani ni ganzi. Kunja kanga, iweke chini ya nyonga ya kulia, uelemee kushoto. Na kula kabla ya kutoka nyumbani.

Shavu likivimba, au chini ya kidevu, ukapata homa, ukashindwa kufumbua kinywa au kumeza mate, usisubiri siku ya Tabibu Meno. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Vivyo hivyo damu ya fizi isiyokata baada ya kubana kitambaa safi kwa robo saa.

Udongo. Usione aibu, nusu ya soko inauza na wanaonunua si wajenzi. Hamu hiyo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula na vidonge, kwa hiyo unakuwa unajaza ndoo iliyotoboka. Chembe zake zinasaga meno, na gego lenye tundu linaweza kupasuka kwa kipande kimoja kigumu. Kliniki ijayo sema wazi kwamba unakula, upimwe wingi wa damu, na vidonge vya kuongeza damu vya FEFO vimeze kila siku, lakini si kwa chai. Meno yakidai kitu cha kuguguna, mnazo korosho ndani. Punguza kipande kimoja kwa siku mbili tatu, kisha kingine. Kuacha kwa kiapo sijaona wengi wakiweza.

Na mama mkwe. Hesabu yake ya mapengo ni ya kweli, sababu ndiyo siyo. Mtoto hachukui madini kwenye meno ya mama. Anachukua kwenye chakula cha mama, na chakula kikipungukiwa anachukua kwenye mifupa. Ndiyo maana nataka ule dagaa na miiba yake, ufuta, mboga za majani, maziwa yakipatikana. Meno ya wazazi wengi yameondoka kwa sababu ile ile iliyoondoa lako: fizi zilitoka damu wakaacha mswaki, ukoga ukakauka ukawa ugaga, ugaga ukaisukuma fizi, mfupa ukaliwa, jino likalegea, au tundu lilikuwepo wakaambiwa ngoja ujifungue. Kila mimba ikaacha pengo, na mtoto akabebeshwa lawama.

Usimwambie kwamba alikosea. Mwambie tu kwamba unakwenda kuangaliwa na ungependa asikuache peke yako njiani. Mapengo yake matano hayarudi, lakini ugaga kwenye meno aliyobaki nayo unakwanguliwa siku hiyo hiyo, kwenye kiti kile kile, wewe ukimngoja kwenye benchi.

Shangazi